Meno ya Kahawia Si Kosa la Mswaki

Mikocheni ndiko Tanzania inakojipigia picha. ITV iko huko, Clouds iko huko, na TBC ina studio huko. Jioni nyuso zinapakwa poda, taa zinawashwa, na watangazaji wanatabasamu mbele ya watu waliokaa sebuleni kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Jirani na studio hizo, kandokando ya Barabara ya Mwai Kibaki ambayo wengi bado wanaiita Old Bagamoyo, zipo hospitali za Kairuki na TMJ, na kliniki ndogo za meno zenye mabango ya vinywa vyeupe pee. Kiwanda cha Coca-Cola Kwanza nacho kiko Mikocheni, malori yake yakisambaza soda mjini. Mtu anayeona haya kufungua kinywa akipita barabara hii, kila bango linamkumbusha.

Na watu hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna anayecheka kiganja kikiwa mdomoni, na kuna anayevuta ncha ya mtandio kila mazungumzo yanapochangamka. Kuna bwana harusi ambaye katika picha zote za ukumbini amefumba midomo, ndugu wakamwona ana kinyongo. Kuna kijana anayejibu maswali ya usaili kwa sentensi fupifupi, si kwa kutojua bali kwa kutotaka meno yaonekane, na jopo likaandika kwamba hajiamini. Watu hawa hawaumwi jino. Wanachobeba, wengine hukiona kitu kidogo, lakini kinawanyima vicheko, marafiki, na pengine mshahara.

Miongoni mwao wapo waliokulia Arumeru, Hai, Hanang au Singida, wakaja Dar es Salaam kusoma au kutafuta maisha. Hao hutambulika kwa meno kabla ya lafudhi. Meno yao ya mbele yana mistari ya kahawia, mabaka meupe yasiyong'aa, na kwa wengine vishimo vidogo vilivyomeguka. Mjini wanaulizwa swali lilelile, "Wewe wa Arusha, eh?", na anayeuliza anacheka. Kinachouma zaidi ni kile kisichotamkwa: kwamba mtu huyu hapigi mswaki.

Hapo aibu inabebeshwa asiyestahili. Meno yale hayakuchafuka. Yaliumbwa hivyo, na chanzo chake kinajulikana vizuri.

Chemchemi na visima vingi katika Bonde la Ufa, na kuzunguka milima ya volkano kama Meru na Kilimanjaro, hupita kwenye miamba yenye floraidi na kuibeba. Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane anayanywa katika umri ambao meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya taya, hata kabla hayajachomoza. Floraidi ikizidi, inavuruga kazi ya seli zinazojenga enameli, lile ganda gumu la nje la jino, na ganda linatoka likiwa na vinyweleo vingi. Jino linapoota huwa na weupe uliopauka. Ukahawia unakuja baadaye, polepole, rangi za vyakula na vinywaji zinapopenya katika vinyweleo hivyo. Ndiyo maana mzazi husema kwa uchungu, "Meno yake yalikuwa mazuri, sijui kayafanyaje." Mtoto hajayafanya kitu. Madhara yalipoingia, huenda alikuwa na miaka miwili.

Mkazi wa Mikocheni akihamia Arusha akiwa mtu mzima anaweza kunywa maji ya visima hivyohivyo na meno yake yasibadilike rangi. Na aliyelelewa Arumeru akaja kunywa maji ya Ruvu, ambayo ndiyo yanayolisha sehemu kubwa ya jiji hili, hatapata weupe hata apige mswaki mara tano kwa siku. Jino la mbele ni kama cheti cha kuzaliwa: limeandikwa mara moja, utotoni, na mwenyewe hakuwa na sauti juu ya kilichoandikwa.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifungua kliniki mjini Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo vitabu vyake havikuyaeleza. Watu wa huko walikuwa na majibu yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabovu. McKay aliliandama swali hilo kwa miongo mitatu, hadi mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA alipopima maji na kukuta floraidi nyingi. Baadaye ikathibitika kwamba floraidi hiyohiyo ikiwa kidogo husaidia kukinga meno yasioze, na ndiyo imo katika dawa nyingi za meno zinazouzwa dukani. Tofauti kati ya kinga na madhara ni kiasi.

Tanzania ina nafasi yake katika historia hiyo, na ni nafasi nzito. Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Denmark, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, walichapisha kipimo cha kueleza ukali wa madhara ya floraidi kwenye jino, kuanzia 0 hadi 9. Kipimo hicho kinatumika duniani hadi leo. Walikijenga kwa kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania. Kwa maneno mengine, madaktari wa mabara yote wanapima ugonjwa huu kwa kile kilichoonekana kwanza katika vinywa vya watoto wa nchi hii.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1974, serikali ilikuwa imeweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini kilichoruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Uamuzi ule haukufanywa kwa ukatili. Kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi, na kijiji kisicho na maji kabisa kina hatari ya haraka kuliko meno. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa viwango vya taifa vimefika 1.5. Lakini jino halisubiri sheria. Waliozaliwa wakati wa kile kiwango cha 8 wamekuwa watu wazima, ni wahasibu, madereva, walimu na wauguzi, baadhi wamepanga Mikocheni, Kinondoni na Temeke, na wanachekwa kwa jambo walilolilipia utotoni bila kuulizwa.

Maji si njia pekee. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive haraka, hasa yale yanayochimbwa kaskazini, yamekutwa na floraidi nyingi. Ndiyo sababu nyumba mbili zinazochota bomba moja zinaweza kulea watoto wenye meno tofauti. Na mahali ambako floraidi imepita kiasi kabisa, kama Ngarenanyuki wilayani Arumeru, imefika kwenye mifupa: watoto wenye miguu iliyopinda, wazee wenye migongo isiyonyooka. Kwa mtoto wa namna hiyo, meno ya kahawia ni ishara ya mapema, na anayemcheka anacheka dalili ya ugonjwa.

Ajabu ni kwamba jamii hii haikuwa na sura moja tu ya kinywa kizuri. Pwani, mwanya umesifiwa vizazi na vizazi. Msichana mwenye mwanya aliambiwa ana bahati na uzuri. Wamaasai walizoea kung'oa meno mawili ya chini ya mbele, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda taya zikikaza aweze kunyweshwa kupitia pengo. Wajaluo waling'oa meno ya chini kama desturi yao ya kuingia utu uzima. Wamakonde walichonga. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alichongwa meno ya mbele ya juu akiwa kijana kwa desturi ya Wazanaki, na kwa meno hayo alihutubia Umoja wa Mataifa na kukaa Ikulu. Picha zake akicheka kwa kinywa kizima zipo nyingi. Hakuna aliyemtaka afumbe mdomo kwanza ndipo aongoze nchi.

Kusema hivi si kutaka watu warudi kuchonga meno. Ni kukumbusha kwamba mstari ulionyooka, mweupe, usio na pengo wala baka, ni mtindo wa juzi uliokuja na sinema, matangazo na simu za kamera. Mtindo unaweza kupendwa. Haupaswi kuwa kipimo cha heshima ya mtu.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kujiamini. Maneno hayo ni mepesi mno. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Alikuwa na meno manne ya ziada kinywani, yaliyosukuma ya mbele yakachomoza, na shuleni India wenzake walimpa jina la utani la Bucky kwa ajili hiyo. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa kundi la Queen. Tarehe 13 Julai 1985 alisimama jukwaani Wembley katika tamasha la Live Aid, akaushika uwanja mzima kwa sauti yake. Mtu huyohuyo, nje ya jukwaa, alikuwa na tabia ya kufunika meno yake kwa mdomo wa juu au kwa mkono anapocheka. Fedha ya kumlipa daktari yeyote alikuwa nayo. Hakuyatengeneza, kwa sababu alihofu kwamba kuyagusa kungeharibu sauti yake. Alifariki mwaka 1991 akiwa nayo. Filamu ya maisha yake ilipotoka mwaka 2018, mwigizaji Rami Malek alivaa meno ya bandia ili afanane naye, na akashinda Oscar.

Ikiwa kujiamini kwa mtu aliyeimbisha Wembley hakukutosha kuushusha mkono kutoka mdomoni, basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Usa River, Arumeru, hawezi kuambiwa tu "jiamini" na mambo yakaisha. Aibu hii inapandwa na wengine. Inapandwa shuleni, mwalimu anapokagua usafi mstarini na kumchapa au kumtoa mbele mtoto mwenye meno ya kahawia pamoja na wenye kucha ndefu. Inapandwa nyumbani, shangazi anaposema mbele ya wageni kwamba binti angekuwa mzuri kama si meno. Inapandwa redioni, utani wa kikabila unapopata kicheko cha bure. Wanaoipanda ndio wanaopaswa kuacha.

Aibu hiyo haikai bure. Inamsukuma mtu kwenye madhara. Wengine wanasugua meno kwa mkaa uliosagwa, majivu, limau, chumvi, hata dawa za kung'arishia nguo. Limau ni asidi. Inalainisha enameli, na kusugua baada ya hapo kunaikwangua. Enameli iliyokwisha haioti tena. Baada ya muda jino linakuwa la njano zaidi, kwa sababu tabaka la ndani lililo karibu na uso ndilo lenye unjano, na maji ya baridi yanaanza kuuma. Kijana alikuwa na meno yenye rangi lakini mazima. Sasa ana meno yenye rangi na maumivu.

Njia za kitabibu zipo, na zinafanyika Dar es Salaam. Pale madhara yalipo madogo, daktari anaweza kuondoa sehemu nyembamba sana ya juu kwa asidi maalumu na unga laini, kwa kipimo. Pale yalipo makubwa kiasi, anafunika uso wa jino kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Kuna pia ganda la kauri linalogandishwa mbele ya jino, na kofia inayolivika jino lote. Hizi mbili za mwisho zinapendwa sana na wasanii na wenye uwezo, lakini mara nyingi zinahitaji jino lipunguzwe kwanza. Likishakatwa halirudi, na ganda likibanduka au kuvunjika miaka ijayo, lazima liwekwe jingine. Anayetangaza tabasamu la Hollywood kwa bei ya ofa ana wajibu wa kumweleza mteja hayo kabla hajaketi kwenye kiti.

Kuketi kwenyewe ni mtihani. Kwa watu wengi waliokulia Tanzania, daktari wa meno ni koleo. Kumbukumbu yao ya kwanza ni jino lililouma wiki nzima, karafuu iliyokandamizwa kwenye tundu, usiku bila usingizi, kisha safari ya zahanati, sindano ya ganzi na kung'olewa. Katika hospitali za umma kung'oa bado ni sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, kwa sababu wagonjwa huja jino limeshaoza hadi kwenye mzizi, na kwa sababu kuziba au kusafisha mzizi kunataka vifaa, muda na fedha zaidi. Kila jino linalong'olewa bila lazima linaacha pengo, majirani yake yanainamia uwazi, na mtu aliyekwenda kutibiwa maumivu anarudi na sababu mpya ya kufumba mdomo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Kwa tatizo la ukubwa huo, koleo haliwezi kuwa jibu la kwanza.

Kuna pengo jingine linalotengenezwa hata kabla mtoto hajajua kusema. Katika sehemu kadhaa za Tanzania na Uganda, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara huambiwa ana "meno ya nailoni", wengine husema ya plastiki. Mganga hupasua ufizi kwa kifaa kisicho safi na kuchimbua chipukizi za chonge. Homa ilikuwa ya malaria au maambukizi mengine. Chipukizi zile zilikuwa meno halali yanayojiandaa. Baadhi ya watoto hufa kwa kutokwa damu au kuingiwa na vijidudu. Wanaopona hukua wakiwa hawana chonge, au wana zilizokaa kombo, na hapo tena watachekwa. Desturi hii haina cha kutetewa, na wauguzi wa kliniki za watoto wanapaswa kuitaja kwa jina kila mama anapokuja kumpima mtoto uzito.

Nini kifanyike? Kwa watu wazima wa leo, mamlaka za afya na kampuni za bima zina uamuzi mmoja wa haki wa kufanya. Bima nyingi huyahesabu matibabu ya rangi ya meno kuwa urembo. Kwa anayetaka weupe zaidi ya aliozaliwa nao, sawa. Kwa aliyeharibiwa enameli na maji ya kunywa yaliyokuwa halali kisheria, huo si urembo, ni kurekebisha madhara. Kufunika meno manne au sita ya mbele ya kijana anayeanza kazi kwa dawa ya kuzibia ni matibabu yanayowezekana katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopewa vifaa, na Mwananyamala, Temeke na Amana ziko karibu na wanaoyahitaji.

Vituo vya televisheni vya Mikocheni navyo vina nguvu ambayo hakuna waziri anayo. Mtangazaji mwenye meno ya kahawia akisoma habari za saa mbili usiku kwa mwezi mmoja, watazamaji watazoea, kama walivyozoea sura na lafudhi nyingine ambazo zamani zilidhaniwa hazifai kwenye skrini. Watayarishaji wanaochuja watu kwa kinywa kwenye usaili waache. Sauti, akili na maandalizi ndivyo vinavyofanya kazi ile.

Lakini kazi kubwa iko mbali na Mikocheni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa inaweza kuchuja floraidi kwenye maji ya nyumbani. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, akashinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mara ya kwanza ilipotolewa. Maji ya mvua yakivunwa vizuri karibu hayana floraidi. Ujuzi upo nchini, umefanywa na watu wa nchi hii. Unachokosa ni kufika kwenye ndoo ya mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja.

Mama huyo pia hajaambiwa mambo ya msingi. Ameelekezwa kuchemsha maji, na anachemsha kwa bidii. Hajui kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki, tena inakolea maji yanapopungua sufuriani. Hajui floraidi ya kisima anachochota ni kiasi gani, ingawa wataalamu wa maji hupima vyanzo na kuandika matokeo kwenye mafaili. Namba hiyo ipakwe rangi kwenye bomba lenyewe, kwa tarakimu kubwa, pamoja na tarehe ya kupima. Penye 1.2 atachota bila wasiwasi. Penye 6 atajua kwamba maji hayo ni ya kufulia na kuogea, na kwamba ya kumnywesha mtoto na kumpikia uji ayatafute kwenye tangi la mvua au kwenye chujio. Kugharimia rangi hiyo hakuhitaji mkopo wa nje, na halmashauri ya Meru inaweza kuanza na vituo vya maji vya Ngarenanyuki kabla mvua za masika hazijafika.